Kazi ya usiku katika maabara ya usingizi Marekani: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaoniuliza ni Waswahili wenzangu walioko huku Marekani, watu wa kutunza wazee na kusaidia wauguzi, waliochoka kunyanyua wagonjwa na wanatafuta mlango mwingine ndani ya hospitali hiyohiyo. Wengine wako nyumbani na wana mzazi anayekoroma hadi majirani wanasikia. Mimi ni fundi wa usingizi: huwabandika wagonjwa waya usiku na kurekodi wanavyolala, ili daktari ajue kinachowasumbua. Nimewajibu wote hapa kwa pamoja.

Yaani unalipwa kutazama watu wakilala?

Ndiyo, ila kutazama ndiyo sehemu nyepesi. Kazi yenyewe hufanyika kabla taa hazijazimwa. Waya uliobandikwa vibaya saa tatu usiku utakusumbua saa nane, mgonjwa akiwa amezama usingizini, na itabidi uingie chumbani kwake na kitochi kurekebisha kilichobanduka nyuma ya sikio. Ukimwamsha, umeharibu kilekile ulichokuja kukipima. Ndiyo maana kwangu fundi wa usingizi hujulikana kwa mikono yake kwanza, kisha macho.

Usiku mmoja unakwendaje?

Zamu nyingi ni za saa kumi na mbili, saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, na kwa kawaida fundi mmoja hushika wagonjwa wawili. Kabla hawajafika nasoma faili: daktari amemtuma kwa sababu gani, anatumia dawa gani, ana presha au kisukari, ana historia ya kifafa. Humo huwa na fomu ya Epworth, iliyotungwa na Daktari Murray Johns huko Melbourne na kuchapishwa mwaka 1991. Ina maswali 8 kuhusu kusinzia: ukiwa unasoma, ukiwa abiria kwenye gari, ukiwa umekaa unazungumza na mtu. Alama ni kuanzia 0 hadi 24, na anayevuka 10 anasinzia kupita kawaida. Nimeona madereva wa malori wakijipa 2 kwenye fomu, kisha wanasinzia nikiwa bado nawabandika waya. Wanaogopa leseni, na siwalaumu.

Mgonjwa hufika kwenye saa mbili na mto wake mkononi. Chumba kimepangwa kama cha hoteli ya kawaida, isipokuwa kuna kamera ukutani na kisanduku cha kuchomekea waya pembeni ya kitanda. Kumwandaa mtu mmoja huchukua kama dakika 45. Kisha narudi chumba cha mitambo na kuzungumza naye kwa spika: "Tazama juu, tazama chini, usisogeze kichwa. Pepesa macho mara tano. Saga meno. Shika pumzi. Sogeza mguu wa kushoto." Kila tendo lazima lionekane kwenye skrini mahali pake. Akisogeza mguu wa kushoto na mstari wa kulia ndio ukaruka, nimebadilisha waya, na ni afadhali nilijue hilo sasa kuliko daktari kuligundua wiki ijayo.

Taa huzimwa kwenye saa nne au saa nne na nusu. Kuanzia hapo naandika kila kitu: amegeuka, amekwenda msalani, amekohoa, gari la wagonjwa limepita na king'ora. Alfajiri, kwenye saa kumi na moja na nusu, namwamsha, nambandua, anajaza fomu ya asubuhi na kwenda zake. Mimi nabaki kuosha vifaa na kumalizia ripoti.

Waya zote hizo ni za nini?

Kwa mtu mzima huwa zaidi ya ishirini. Za kichwani zinapima umeme wa ubongo, za pembeni mwa macho zinafuata mizunguko ya macho, za kidevuni zinaonyesha misuli ikilegea, za miguuni zinakamata miguu inayotikisika usiku kucha bila mwenyewe kujua. Kuna za moyo. Puani kuna kimrija cha kupima mkondo wa hewa na kihisi kingine cha joto la pumzi. Kifuani na tumboni kuna mikanda miwili, na hiyo ndiyo inayotuambia kama mtu aliyeacha kupumua bado anahangaika kuvuta hewa au ubongo wenyewe umesahau kutoa amri. Kidoleni kuna kipima oksijeni.

Za kichwani hazibandikwi kwa kukisia. Napima kwa futi kutoka mzizi wa pua hadi kifundo cha kisogoni, halafu sikio hadi sikio, na kugawa kwa asilimia 10 na 20. Duniani kote wanatumia utaratibu huohuo. Naweka alama kwa penseli ya nta, nasugua ngozi kwa krimu yenye chembechembe, nabandika elektrodi kwa krimu nzito na kipande cha shashi juu yake. Kisha naangalia ukinzani, yaani jinsi ngozi inavyozuia umeme kupita: unatakiwa uwe chini ya kiloomu 5. Ukizidi, narudi kusugua. Hakuna njia ya mkato hapo.

Na sisi wenye nywele za kusuka?

Swali hili huulizwa zaidi na kina dada, na maabara nyingi hazina jibu zuri kwa sababu waliofundishwa kazi hii wengi walifundishwa kwenye vichwa vyenye nywele laini. Mimi hujibu hivi.

Mistari, yaani twende kilioni, ni rahisi. Ngozi iko wazi kati ya mstari na mstari, na mara nyingi njia hupita karibu kabisa na alama yangu. Rasta ndogondogo nazo zinawezekana, ila natumia muda mwingi kuzigawa na kuzibana kwa klipu. Tabu ni nywele za kushonea zenye wavu chini, maana ngozi haifikiki. Hapo namwomba mgonjwa afumue mshono mmoja wa kisogoni, au nabandika sehemu ya karibu na kuandika kwenye ripoti kuwa nimehama na kwa nini. Wigi livuliwe. Mafuta ya nazi, siagi ya karite na jeli ni adui wa gundi, kwa hiyo osha nywele siku hiyo na usipake kitu.

Kwa mama anayevaa hijabu, ataomba fundi wa kike na atapewa akisema mapema. Waya zikishakaa, mtandio mwepesi unaweza kurudi juu yake, na kwa kweli unanisaidia: kilemba au kofia ya kulalia hushika waya vizuri kuliko plasta.

Kucha ndefu za bandia huzuia mwanga wa kipima oksijeni, kwa hiyo kifaa huhamia kwenye ndewe ya sikio. Halafu kuna hili ambalo kila fundi mweusi anapaswa kulijua: utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliofichwa na kipimo cha kidole ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kifaa kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi. Kwa hiyo nikiona asilimia 90 kwa mtu mwenye ngozi kama yangu, situlii kwa sababu tu kengele haijalia.

Mtu atalalaje na mawaya mwili mzima?

Analala. Usiku mmoja nilimwandaa mama wa Kikongo, umri wa mama yangu. Mkalimani wa simu alikuwa amekatika katikati ya maelezo, nikamwambia, "Shikamoo mama, tuendelee kwa Kiswahili." Akacheka kwanza, kisha akajitazama kwenye kioo, waya zimekusanywa mkia mmoja mgongoni, akaniuliza: "Sasa mutoto, na hii makamba yote, nitalala namna gani?" Nikamwonyesha jinsi ya kugeuka nazo, upande huu, upande ule, na kwamba akitaka kwenda msalani aite tu, nitachomoa kisanduku kimoja ataondoka nacho shingoni. Hofu yake kubwa ilikuwa umeme. Nilimhakikishia kwamba hakuna kinachoingia mwilini, tunasikiliza tu. Alisinzia ndani ya dakika tisa na kukoroma mpaka spika ikakwaruza.

Kwa sheria na taratibu, kujua lugha ya mgonjwa kusikufanye uache mkalimani rasmi unapofika kwenye fomu za kusaini. Kwa maongezi ya kutuliza moyo, Kiswahili chako ni dawa.

Mnatafuta nini hasa?

Mara nyingi tunatafuta kukatika kwa pumzi. Koo linalegea, njia ya hewa inajifunga, kifua kinahangaika, oksijeni inashuka, ubongo unashtuka kwa sekunde chache na kufungua njia, kisha yaleyale yanaanza upya. Mwenyewe hakumbuki chochote. Mkewe ndiye anayekumbuka. Tukio huhesabiwa likifika sekunde 10 au zaidi. Tunajumlisha matukio na kugawa kwa saa za usingizi: chini ya 5 kwa saa ni kawaida kwa mtu mzima, 5 hadi 14 ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ya wastani, 30 na kuendelea ni kali. Wapo wanaofika 100. Fikiria mtu anayekatika pumzi zaidi ya mara moja kila dakika, usiku kucha, kwa miaka, na watu wanamwita mvivu kwa sababu anasinzia kazini.

Rekodi yote hukatwa vipande vya sekunde 30, na kila kipande hupewa hatua yake ya usingizi. Saa nane ni vipande 960. Zamani kalamu zilikuwa zinachora kwenye karatasi inayokimbia milimita 10 kwa sekunde, kwa hiyo usiku mmoja ulikula karibu mita 288 za karatasi. Najiuliza waliziweka wapi.

Hatua ninayoipenda ni ile ya macho kukimbia, wakati ndoto nyingi hutokea. Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago waliitangaza mwaka 1953, baada ya Aserinsky kumfunga mwanawe mdogo waya na kuona macho yakirukaruka usingizini. Huko pia ndiko pumzi huharibika zaidi kwa wengi, kwa sababu misuli imelegea kabisa. Anayelala bila kufika hatua hiyo hajapimwa sawasawa.

Ile mashine ya kuvaa usoni?

CPAP. Aliyeibuni ni Daktari Colin Sullivan wa Sydney, akachapisha matokeo mwaka 1981. Kifaa cha mwanzo kilitumia mota ya mashine ya kufyonza vumbi. Inasukuma hewa na kuliweka koo wazi, basi. Hewa ni ya chumbani, si oksijeni ya mtungi, na hili narudia kila usiku.

Usiku wa kupanga mashine ndio unaotofautisha mafundi. Naanza na shinikizo la sentimita 4 za maji na kupanda polepole, hatua kwa hatua, hadi pumzi zitulie, na mwisho wa CPAP kwa mtu mzima ni 20. Ukipanda haraka mgonjwa anaamka akijihisi anazama. Ukichelewa, usiku unaisha hujafika. Wakati mwingine tunagawa usiku: saa mbili za kwanza za usingizi tunapima, na akionekana kuwa na hali kali, daktari akiwa ameshaidhinisha, naingia na barakoa katikati ya usiku. Kwa hiyo barakoa huchaguliwa jioni akiwa macho na anacheka, anaishika mwenyewe puani bila mikanda kwanza. Ukimvalisha mtu barakoa kwa mara ya kwanza saa saba usiku akiwa na nusu usingizi, jiandae kuivua.

Vipi kuhusu jinamizi? Mmewahi kuliona?

Kukabwa na jinamizi kuna maelezo ya kitaalamu. Katika ile hatua ya ndoto ubongo hufunga misuli ili mtu asitende anachokiota. Mara nyingine akili huamka kabla kufuli halijafunguliwa: unaona chumba chako, huwezi kusogea wala kupiga kelele, kifua kizito, na mabaki ya ndoto yamesimama pembeni ya kitanda. Hudumu sekunde au dakika chache. Kukosa usingizi na kulala chali huongeza uwezekano.

Wazanzibari hawahitaji kukumbushwa mwaka 1995, Popobawa, jini anayesemekana kuwavamia watu usiku, alipovuma Pemba hadi Unguja na watu wakawa wanalala nje kwa makundi. Wapo waandishi waliolieleza tukio lile kwa hali hii ya kukabwa. Mimi naona inaeleza sehemu ya walichohisi watu kitandani, haielezi yote yaliyokuwa yakiendelea visiwani mwaka ule wa uchaguzi.

Kinyume chake ni wale ambao kufuli lao halifungi. Wanapiga ngumi, wanapiga mateke, wanapigana na mwizi wa ndotoni. Hao huwa wazee wa kiume zaidi, na rekodi yao ni muhimu kwa sababu hali hiyo inaweza kutangulia ugonjwa wa Parkinson kwa miaka mingi.

Kuna kazi ya mchana?

Ipo kidogo. Kuna kipimo cha usingizi wa mchana kwa wanaoshukiwa kuwa na narkolepsi, ugonjwa wa kuzidiwa na usingizi mchana: wanalala usiku maabara, kisha wanapewa nafasi 5 za kulala, kila baada ya saa mbili. Wastani wa dakika 8 au pungufu kabla ya kusinzia, na hatua ya ndoto kujitokeza mapema angalau mara mbili, ni dalili nzito. Kazi ngumu hapo ni kumzuia mtu asisinzie kati ya nafasi na nafasi. Pia kuna wanaosoma rekodi tu, mchana, wengine wakiwa nyumbani, lakini hiyo huja ukishabobea.

Kuna hatari?

Ipo. Moyo unaweza kubadili mapigo mbele yako, kifafa kinaweza kuja, na wewe huna daktari chumbani. Cheti cha huduma ya kwanza ya moyo na pumzi ni lazima na kisiwe cha kukaa kwenye droo. Jifunze mpango wa dharura wa mahali pako kabla ya usiku wa kwanza: unampigia nani, mashine ya kushtua moyo iko wapi, lifti gani inafunguka usiku.

Hatari nyingine ni mdomo. Asubuhi mgonjwa atakuuliza, "Vipi, ninayo?" Umeona kila kitu na unajua, lakini majibu ni ya daktari. Sema atapigiwa simu. Hata akiwa shemeji yako.

Nisome nini? Vyeti vipi?

Cheti kinachotambulika ni RPSGT, cha fundi wa usingizi aliyesajiliwa, kinachotolewa na bodi iitwayo BRPT kwa mtihani, na huhuishwa kila miaka 5 kwa pointi 50 za masomo endelevu. Njia za kuufikia mtihani ni kadhaa: stashahada ya chuo, au kuajiriwa kama mwanafunzi wa kazi huku ukisoma kozi za A-STEP za AASM, chama cha tiba ya usingizi cha Marekani, na kukusanya saa za vitendo. Mafundi wa upumuaji wana njia yao kupitia bodi yao, NBRC. Baadhi ya majimbo, kama Maryland na New Jersey, yanadai leseni juu ya hapo, na California ina usajili wa ngazi tatu kuanzia mwanafunzi. Soma masharti ya jimbo lako kabla hujalipa ada ya kozi yoyote mtandaoni.

Ukiwa tayari ni msaidizi wa wauguzi, una mtaji. Unajua kumgusa mgonjwa, kuandika kumbukumbu, kuosha mikono. Umeme wa ubongo utafundishwa.

Malipo?

Kwa kawaida ni juu ya msaidizi wa wauguzi na chini ya muuguzi aliyesajiliwa, pamoja na nyongeza ya usiku. Cheti kinapandisha, mji unaamua mengine.

Unapima usingizi wa watu, wako je?

Usiku ni usiku. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani, mwaka 2007, na likairudia hukumu hiyo 2019. Sitakudanganya kwamba mapazia meusi yanamaliza tatizo. Yanapunguza. Navaa miwani ya jua nikirudi nyumbani, simu inazimwa, na jamaa wameshaelewa kwamba kunipigia saa nne asubuhi ni sawa na kumpigia mtu saa nne usiku. Shughuli za harusi na misiba ndizo zinazovunja ratiba, na hapo sina ujanja. Mwenye watoto wadogo afikirie mara mbili, hasa kama anadhani atawalea mchana na kulala "kidogo".

Vipimo vya nyumbani havitaiua kazi hii?

Vimeichukua sehemu. Tangu Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, ilipovikubali mwaka 2008 vimeongezeka, na korona ikavisukuma zaidi. Mgonjwa wa kawaida anayekoroma sasa hupewa kifaa akalale kwake. Vingi havipimi ubongo, kwa hiyo hugawa matukio kwa saa za kurekodi badala ya saa za usingizi, na aliyekesha akigaagaa huonekana mzima kuliko alivyo. Matokeo yake ni kwamba wanaotufikia siku hizi ni wagumu: wa moyo, wa mapafu, wa kifafa, watoto. Kazi imepungua kwa idadi na kuongezeka kwa uzito. Kompyuta nazo zinasoma vipande 960 haraka kuliko mimi. Bado sijaiona inayoweza kubandika waya kwenye rasta.

Nimeitwa kwenye usaili. Niulize nini?

Uliza fundi mmoja anashika wagonjwa wangapi. Wakisema wawili, sawa. Wakisema watatu na mmoja wao ni wa kupangiwa mashine, tafuta kwingine. Uliza nani atakufundisha na kwa miezi mingapi kabla hujaachwa peke yako, na kama wanakulipia mtihani. Uliza nani yupo jengoni usiku. Maabara zilizoko kwenye majengo ya ofisi, mbali na hospitali, huwa na mafundi wawili tu na mlinzi. Kisha omba ukae nao usiku mmoja mzima, ukitazama tu. Saa tisa usiku utajua kama mwili wako unaiweza.